Jinsi ya kuchagua kadi ya michoro kwa tarakilishi ya Linux

MKAZI wa Mbotela anayetaka kuongezea tarakilishi yake kadi ya michoro hahitaji kusafiri mbali. Matatu ya Barabara ya Jogoo humfikisha katikati ya jiji la Nairobi, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi barabara ya Luthuli, ambako vifaa vya elektroniki huuzwa, vipya kwa vikuukuu. Ugumu huanzia dukani. Wauzaji wengi huzungumza na mteja kana kwamba kila tarakilishi hutumia Windows, na sifa wanazozitaja, hasa ukubwa wa kumbukumbu, sizo zinazoamua iwapo kadi itafanya kazi vyema kwenye Linux.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Tarakilishi nyingi zilizonunuliwa mitumba mitaani Eastlands zina prosesa ambazo Windows 11 haizikubali. Kwa mwenye tarakilishi kama hiyo, Linux ni njia ya kuendelea kuitumia bila kulipia leseni na bila kununua mtambo mwingine.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hutolewa bila malipo, na yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Programu za aina hii huitwa programu huria, na si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Kanuni ya kwanza kwa mnunuzi ni kuwa kiendeshi huchaguliwa kabla ya kadi. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa tarakilishi kuzungumza na kifaa. Kadi ya bei ghali isiyo na kiendeshi kizuri cha Linux inaweza kushindwa na kadi duni iliyo nacho. Baada ya kiendeshi, mnunuzi hutazama umeme, nafasi na skrini, na mwisho nguvu za kadi yenyewe.

Je, kadi inahitajika?

Si kila tarakilishi inayohitaji kadi ya ziada. Prosesa nyingi za Intel na baadhi ya zile za AMD huwa na sehemu ya michoro ndani yake. Kwa kuandika barua, kutumia intaneti, kufanya hesabu za biashara na kutazama filamu, sehemu hiyo hutosha, na viendeshi vyake tayari vimo ndani ya Linux.

Tofauti hujitokeza katika video za mtandaoni. YouTube hutumia kwa wingi mitindo ya VP9 na AV1. Prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizotoka mwaka wa 2013, haziwezi kufungua mitindo hiyo kwa sehemu ya michoro, hivyo kazi yote huangukia prosesa, nayo tarakilishi hupata joto na picha hukatikakatika. Prosesa za Intel za kizazi cha saba, zilizoenea mwaka wa 2017, hufungua VP9 bila taabu. Kwa hivyo, mtu ambaye tatizo lake ni video za mtandaoni pekee huenda akafaidika zaidi kwa kununua tarakilishi ya kizazi cha saba kuliko kuiongezea kadi ile ya kizazi cha nne.

Kadi huhitajika kwa michezo mizito, kwa uhariri wa video nyingi, kwa michoro ya pande tatu, au kwa skrini nyingi kuliko matundu yaliyopo.

Viendeshi vya kampuni tatu

Chipu za kadi za michoro zinazopatikana madukani hutoka kwa kampuni tatu: Intel, AMD na NVIDIA. Majina kama Asus, MSI, Gigabyte na Sapphire ni ya kampuni zinazounda kadi kwa kutumia chipu hizo. Jina la kuulizia ni la chipu.

AMD iliinunua kampuni ya ATI mwaka wa 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kuchapisha maelezo ya kiufundi ya chipu zake ili waandishi wa programu huria wayatumie. Mwaka wa 2015 kiendeshi chake kipya, amdgpu, kiliingizwa katika kiini cha Linux, yaani ile sehemu inayounganisha programu zote na mitambo. Sehemu nyingine ya kazi hufanywa na Mesa, mkusanyiko wa programu huria ulioanzishwa na Brian Paul mwaka wa 1993. Kwa kuwa vyote viwili huja pamoja na Linux, mwenye kadi ya Radeon ya mfululizo wa RX 400 wa mwaka wa 2016, au ya baadaye, huichomeka, huwasha tarakilishi na kuanza kazi. Hili si jambo dogo kwa anayetegemea bando la simu, kwa maana hakuna kiendeshi cha kupakua.

Hata hivyo, jina la Radeon pekee halitoshi. Kadi za HD 5450, HD 6450 na R5 230 bado huonekana madukani kwa bei ya chini. Ingawa R5 230 ilitoka mwaka wa 2014, chipu yake ni ya kizazi cha zamani kisichoweza kutumia Vulkan, lugha ya michoro inayotegemewa na michezo mingi ya sasa. Kadi hizo zinafaa kuwasha skrini tu.

Intel nayo imekuwa na viendeshi huria kwa miaka mingi. Kadi zake za Arc zilitoka mwaka wa 2022, na tangu kiini cha 6.2 cha mwaka wa 2023 hufanya kazi bila marekebisho. Arc A310 na A380 hufungua na kuandika video za AV1, uwezo usio wa kawaida kwa kadi ndogo. Zina sharti moja: ubao mama uwe na uwezo uitwao Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja. Bila uwezo huo kasi hushuka sana. Tarakilishi za ofisi za kati ya mwaka wa 2012 na 2015, ambazo ndizo nyingi sokoni, kwa kawaida hazina uwezo huo. Kadi ya Arc haifai kuwekwa humo.

NVIDIA ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitoa kiendeshi chake kikiwa kimefungwa, jambo lililomfanya Torvalds aishutumu hadharani alipokuwa akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka wa 2012. Wanaprogramu huria walitengeneza kiendeshi chao, nouveau, kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi. Lakini kuanzia mfululizo wa GTX 900, NVIDIA iliweka kufuli katika programu ya ndani ya chipu. Matokeo yake ni kuwa kadi za GTX 900 na GTX 1000, zikitumia nouveau, hukwama katika mwendo wa chini. Mwenye kadi hizo hana budi kupakua kiendeshi cha kampuni, ambacho ni megabaiti mamia kadhaa.

Mambo yalianza kubadilika Mei 2022, NVIDIA ilipofungua ile sehemu ya kiendeshi chake inayoingia katika kiini, kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing cha mwaka wa 2018, yaani GTX 1650 na nyinginezo. Aidha, kiendeshi huria cha NVK kimeanza kuzitumia kadi hizo kwa mwendo unaostahili.

Muhimu zaidi kwa mnunuzi wa mitumba ni umri. NVIDIA hugawa viendeshi vyake katika matawi, na kila tawi huacha kadi fulani nyuma. Kadi za kizazi cha Kepler, ambazo ni pamoja na GT 710 na nyingi za GT 730, ziliishia katika tawi la 470, ambalo huduma yake ilikoma mwaka wa 2024. Kadi za GTX 750, GTX 900 na GTX 1000 zinaishia katika tawi la 580 la mwaka wa 2025, na tawi la 590 haliitambui hata moja kati yake. Kadi ya GTX 1050 Ti bado hufanya kazi kwa tawi la 580, lakini anayeinunua leo ajue ananunua kifaa kilichofika ukingoni.

Kuna kero nyingine mbili. Kiendeshi cha NVIDIA hulazimika kuundwa upya kila kiini cha Linux kinapobadilishwa, na zoezi hilo likishindikana, tarakilishi huwaka ikiwa na skrini nyeusi. Pili, tarakilishi yenye ulinzi wa Secure Boot hukataa kiendeshi ambacho mwenyewe hajakiidhinisha. Ubuntu na Linux Mint zina programu ya kusakinisha viendeshi vya ziada inayopunguza matatizo haya, na inashauriwa itumiwe badala ya faili inayopakuliwa moja kwa moja.

Umeme na nafasi

Tarakilishi nyingi za mitumba jijini zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na za aina hiyo. Zilitengenezwa kwa kazi za karani, na pawasaplai zake ni ndogo. Dell OptiPlex 7010 ya umbo jembamba, iliyotoka mwaka wa 2012, ina pawasaplai ya wati 240, wala haina waya wa ziada wa kulisha kadi.

Tundu la PCI Express ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 kwa upeo. Kadi inayozidi hapo huhitaji waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza wati 150. Kwa tarakilishi isiyo na nyaya hizo, mnunuzi atafute kadi inayotosheka na tundu pekee. Mifano ni GT 1030 ya wati 30, RX 550 ya wati 50, RX 6400 ya wati 53, na GTX 1650 ya wati 75. Baadhi ya watengenezaji huongeza tundu la pini 6 hata kwenye GTX 1650, kwa hivyo ni lazima kadi yenyewe itazamwe.

Radeon RX 580 ya mwaka wa 2017 ni maarufu kwa sababu ina nguvu kwa bei nafuu, lakini hula takriban wati 185. Haiwezi kuwekwa katika tarakilishi nyembamba, na kununua pawasaplai mpya si suluhisho rahisi kwani Dell na HP hutumia maumbo na plagi zao wenyewe katika mitambo hiyo. Gharama ya tokeni pia ihesabiwe. Kadi ya wati 185 ikifanya kazi kwa nguvu zote muda wa saa 8 hutumia karibu uniti moja na nusu ya umeme, ilhali ya wati 30 hutumia robo uniti.

Kimo nacho kina maana. Tarakilishi nyembamba hukubali kadi fupi tu, yenye kibati kifupi cha kushikilia. Muuzaji aulizwe kama kibati hicho kipo, kwani mara nyingi hupotea kadi inapobadilisha mikono. Zile tarakilishi ndogo kabisa, zinazolingana na kitabu kinene, aghalabu hazina tundu la kadi. Kwa kuwa umeme wa mitaani hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kuzuia mpasuko wa umeme ni sehemu ya bei ya kadi.

Skrini iliyopo nyumbani

Skrini nyingi kuukuu hupokea waya wa VGA peke yake. Kadi za RX 400 na GTX 1000, pamoja na zilizofuata, hazitoi mawimbi ya VGA. Plagi ya bei rahisi ya kugeuza DVI kuwa VGA haitasaidia. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ndani yake, kutoka HDMI au DisplayPort. Asiyekuwa na habari hii anaweza kurudi Mbotela na kadi nzima, akaiona haitoi picha, na kudhani ameuziwa mbovu.

Kazi na kadi yake

Anayehariri video za harusi na mikutano kwa Kdenlive atapata faida kubwa zaidi kwa kuongeza kumbukumbu ya tarakilishi na diski ya SSD, kwa kuwa programu hiyo hutegemea sana prosesa. Anayerekodi au kupeperusha video moja kwa moja ajihadhari na GT 1030 na RX 6400, ambazo hazina sehemu ya kuandika video.

Kwa michoro ya pande tatu katika Blender, NVIDIA ingali mbele. Lugha yake ya hesabu, CUDA, imekuwapo tangu mwaka wa 2007 na programu nyingi za sayansi na akili unde huandikwa kwa kuitegemea. RX 580 haifai hapa, kwani Blender 3.0 ya Desemba 2021 iliacha kutumia OpenCL, njia pekee iliyoziwezesha kadi za umri huo kusaidia kukokotoa picha. Mwanafunzi wa fani hizo anaweza kuvumilia kero za kiendeshi cha NVIDIA kwa sababu analipwa kwa faida.

Kwa michezo, kampuni ya Valve ilitoa Proton mwaka wa 2018, programu inayoiwezesha Linux kuendesha michezo mingi ya Windows. Kifaa chake cha Steam Deck cha mwaka wa 2022 hutumia Linux na chipu ya AMD, hali iliyoifanya AMD iwe chaguo lisilo na matatizo mengi kwa wachezaji.

Ukubwa wa kumbukumbu usimpumbaze mnunuzi. GT 730 yenye gigabaiti 4 za DDR3 hushindwa kwa mbali na GTX 1050 yenye gigabaiti 2 za GDDR5. Hata GT 1030 ina matoleo mawili, na lile la DDR4 ni la polepole zaidi kuliko la GDDR5.

Kutambua kadi bandia

Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro Septemba 2022, na kadi nyingi zilizochoka zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zichunguzwe. Tena, kadi iitwayo RX 580 2048SP ina nguvu zinazokaribia RX 570, wala si RX 580 kamili.

Kibaya zaidi ni kadi za NVIDIA za zamani zilizobadilishwa jina. Chipu ya mwaka wa 2010 hutiwa programu mpya ya ndani, ikajitambulisha kuwa GTX 1050 Ti. Linux ina njia nzuri ya kuziumbua. Mnunuzi abebe flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, aombe kadi ichomekwe dukani, kisha afungue dirisha la amri na kuandika: sudo dmesg | grep nouveau. Kiendeshi cha nouveau husoma nambari ya chipu yenyewe na kuandika jina lake halisi. Herufi GF ni za kizazi cha mwaka wa 2010, GK cha 2012, GM cha 2014, GP cha 2016 na TU cha 2018. Kadi inayoitwa GTX 1050 Ti inapaswa kuonyesha GP107. Ikionyesha GF, ni bandia.

Amri mbili zaidi zinafaa. lspci -nnk huonyesha kadi iliyopo na kiendeshi kinachoitumia. glxinfo -B, inayopatikana katika kifurushi cha mesa-utils, huonyesha kifaa kinachochora. Jina llvmpipe likitokea hapo, kadi haitumiki na prosesa ndiyo inayofanya kazi yote.

Kwa muhtasari

Mnunuzi mwenye tarakilishi nyembamba ya ofisi na matumizi ya kawaida aanze kwa kujaribu sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa. Isipotosha, RX 550 au RX 6400 yenye kibati kifupi ndiyo nyepesi kwa Linux. Kwa tarakilishi kubwa yenye pawasaplai ya wati 500, kadi za Radeon za RX 500 na kuendelea zinafaa kwa michezo. Anayehitaji CUDA achague NVIDIA ya kizazi cha Turing au baadaye, na kadi ya Arc iachiwe mwenye ubao mama wa miaka ya karibuni.

Kadi mpya kabisa ya mwaka huu si lazima iwe bora, kwa sababu Linux iliyomo katika tarakilishi huenda ikawa na kiini cha kale kisichoitambua. Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike jina kamili la tarakilishi yake, wati za pawasaplai, kimo cha nafasi iliyopo na aina ya waya wa skrini, aende navyo dukani. Akubaliane na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti kuhusu siku za kurudisha kadi, kwani hitilafu za joto na umeme hudhihirika baada ya saa kadhaa za kazi nzito, si katika dakika tano za majaribio dukani. Waswahili husema rahisi huvunja upishi, na kadi ya shilingi chache isiyo na kiendeshi ni hasara hata ikiwa mpya ndani ya boksi.